Tumehesabu, Sasa Tuseme: Jinsi ya Kutoa Matokeo ya Utafiti Mbele ya Watu



Vikundi vingi siku hizi vinajua kukusanya habari. Kina mama wanapita nyumba kwa nyumba na daftari, vijana wanahesabu vyoo na mabomba, wazee wanaeleza mto ulivyokuwa zamani. Kazi hiyo ni nzuri. Lakini ikifika siku ya kusimama mbele ya watu, mara nyingi mambo yanaharibika. Msemaji anasoma kurasa kumi na mbili akiwa ameinamisha kichwa. Watu wanasinzia, mheshimiwa anaangalia saa, na mwishowe karani anasema, "Asanteni, tutaangalia." Daftari linarudi kabatini, na maji yanaendelea kununuliwa kwa bei ile ile.

Somo letu la leo ni juu ya siku hiyo ya kusema. Kuna jambo moja tunataka likumbukwe kuliko mengine yote: matokeo ya utafiti ni mali ya waliotoa majibu. Kwa hiyo yarudi kwao kwanza wayakague. Halafu yapelekwe kwa mwenye uwezo wa kubadilisha jambo, kwa maneno machache na ombi moja.

Neno "utafiti" lisituogopeshe. Mkiuliza watu swali moja kwa utaratibu mmoja, mkaandika majibu na kuyahesabu, mmefanya utafiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza: hata habari iliyo ndani ya daftari hupotea ikikosa msemaji.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Panda matatu namba 46 kutoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Kawangware. Utapita Hurlingham na Valley Arcade, penye nyumba za ghorofa, bustani na kuta ndefu. Baada ya muda mfupi utashuka penye vyumba vya mabati na watu waliopanga foleni na mitungi. Kawangware, Gatina na Kabiro ziko katika eneobunge moja na Kilimani na Kileleshwa, yaani Dagoretti Kaskazini. Kangemi nayo iko katika eneobunge la Westlands pamoja na Kitisuru na Parklands.

Hii ina maana gani kwetu? Afisa akichukua hesabu ya eneo zima na kutafuta wastani, mwenye mabomba matatu nyumbani anachanganywa na asiye na hata moja. Wastani unatoka mzuri, na shida ya mama wa Gatina haionekani tena kwenye karatasi. Ni wakaaji wenyewe tu wanaoweza kuonyesha kilichofichwa na wastani huo. Wasiposema vizuri, hakuna mwingine atakayesema kwa niaba yao.

Sheria nayo imefungua mlango. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali (kifungu cha 35) na haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka (kifungu cha 37). Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake, na kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushirikishwaji katika mambo ya fedha za umma. Kwa hiyo kikundi kinapoingia City Hall, au kwenye mkutano wa wadi, hakiendi kuomba msaada kama maskini mlangoni. Kinatumia haki yake. Lakini dakika utakazopewa ni chache, pengine tano au kumi. Ukizipoteza, huenda ukangoja mwaka mzima kuzipata tena.

SOMO KUTOKA KIBERA: NAMBA NA RAMANI

Tuangalie jirani zetu wa Kibera, kwa maana kuna mambo mawili ya kujifunza huko.

La kwanza ni juu ya namba. Kwa miaka mingi ilisemwa kwenye magazeti na kwenye semina kwamba Kibera ina watu nusu milioni, milioni moja, hata zaidi. Ni wachache waliouliza namba hiyo ilitoka wapi. Sensa ya 2009 ilipofanywa, ilihesabu watu 170,070. Watafiti waliohesabu kijiji kimoja cha Kianda walipata watu 15,219, na kwa kukadiria kutoka hapo wakasema Kibera nzima ina watu kati ya 235,000 na 270,000. Ubishi haukuisha mara moja. Lakini angalia hasara yake. Watu 170,000 wakikosa vyoo na maji safi ni jambo kubwa la kutosha. Hakukuwa na haja ya kuongeza chumvi. Ukitaja namba usiyoweza kuonyesha asili yake, mkutano utaacha shida ya vyoo na kuanza kubishana juu ya hesabu yako. Aliyekuwa hataki kufanya kitu atapata sababu ya kukaa kimya.

La pili ni juu ya ramani. Kabla ya 2009, ramani nyingi za jiji zilionyesha Kibera kama mahali patupu, kana kwamba hakuna mtu anayeishi pale. Mwaka huo vijana wa Kibera walifundishwa kutumia vifaa vya GPS. Wakatembea vichochoro vyote wakiandika shule, vyoo, zahanati, vituo vya maji na sehemu za hatari. Kazi hiyo ikaitwa Map Kibera. Hawakuishia kuiweka kwenye kompyuta. Ramani zilichapishwa kwenye karatasi kubwa na kuwekwa mezani mbele ya wakaaji. Watu wakachora juu yake kwa kalamu: hapa mmesahau choo, njia hii imezibwa, hapa usiku si salama. Kwa njia hiyo matokeo yalisahihishwa na wenye mtaa, na wenye mtaa wakawa na jambo la kutetea.

Muungano wa Wanavijiji, ulioanza 1996, nao una desturi kama hiyo. Wakaaji huhesabu mtaa wao wenyewe, nyumba kwa nyumba, kisha hesabu hurudishwa kwa watu waikague. Aliyerukwa hujitokeza, na aliyeandikwa vibaya hurekebishwa. Hesabu iliyopita mikononi mwa watu namna hiyo si rahisi kupinduliwa na mtu wa ofisini.

HATUA SABA ZA KUFUATA

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Tutatumia mfano mmoja. Tuseme kikundi cha kujisaidia kimetembelea kaya 120 katika mitaa mitatu ya Kawangware kuuliza juu ya maji. Kaya 90 zimesema hununua maji kwa mtungi wa lita 20, na bei ya siku ya kawaida ni shilingi 20. Namba hizi ni za kufundishia tu. Ninyi mtaweka zenu.

1. Rudisheni matokeo nyumbani kwanza

Kabla ya kwenda kwa chifu au kwa mheshimiwa, waiteni waliojibu maswali. Mnaweza kutumia ukumbi wa parokia, darasa la shule au uwanja. Chagueni saa ambayo kina mama wametoka sokoni na vibarua wamerudi. Waambieni, "Haya ndiyo mliyotuambia. Je, tumesikia sawasawa?" Halafu nyamazeni mwasikilize.

Mkutano huu una faida tatu. Makosa yanarekebishwa kabla hayajawaaibisha mbele ya wakubwa. Watu wanaeleza sababu ambayo namba haielezi, kwa mfano kwamba bei hupanda Jumamosi kwa kuwa ni siku ya kufua. Na kwenye mkutano mkubwa, mtu akisema, "Hao ni watu watano tu wanaotafuta jina," wakaaji wenyewe watasimama kuwajibu.

Hapa kuna jambo gumu. Pengine mtagundua kitu kisichowapendeza. Tuseme baadhi ya wanaouza maji kwa bei ya juu ni wanachama wa kikundi chenu. Mtaficha? Mkificha, mtu mwingine atalisema siku ya mkutano, na kila kitu mlichosema kitaonekana uongo. Zungumzeni na wanachama hao mapema, kwa heshima, bila kuwaaibisha. Muwaulize nao wananunua maji kwa bei gani, wanalipa nani, na tenki liligharimu pesa ngapi. Mara nyingi mtaona kwamba muuzaji naye amebanwa na mtu mwingine. Hilo nalo ni tokeo la utafiti, na lina haki ya kusemwa.

2. Chagueni jambo moja

Daftari lenu lina mambo mengi: maji, vyoo, takataka, taa za barabarani, karo ya shule. Mkiyasema yote kwa dakika tano, hakuna litakalobaki kichwani. Kaeni kikundi, mjiulize: "Kama watu watasahau yote isipokuwa sentensi moja, tunataka iwe ipi?" Iandikeni. Iwe fupi kiasi cha mtoto wa darasa la tano kuirudia nyumbani.

Kwa mfano: "Katika kaya tulizotembelea, tatu kati ya kila nne hununua maji kwa mtungi, na familia inaweza kulipa shilingi 3,000 kwa mwezi." Mengine yaandikwe kwenye karatasi mtakayoiacha mezani. Hayajapotea, yanangoja zamu yake.

Angalieni pia maneno "kaya tulizotembelea". Msiseme "watu wa Kawangware wote", kwa sababu hamkuwauliza wote. Maneno hayo mawili ya uangalifu ni ngao yenu.

3. Namba zionekane kwa macho

Asilimia 75 ni neno la darasani. Kwa watu wengi ni rahisi kuelewa "tatu kati ya nne". Ni rahisi zaidi kuiona: weka mitungi minne mbele ya watu, mitatu ya manjano na mmoja mweupe. Hata aliye nyuma kabisa, hata asiyejua kusoma, ameshapata habari.

Pesa nazo ziwekeni katika maisha ya kila siku. Familia inayotumia mitungi mitano kwa siku hulipa shilingi 100. Kwa siku 30 ni shilingi 3,000. Mitungi hamsini inajaza lita 1,000, kwa hiyo lita 1,000 zinagharimu shilingi 1,000. Sasa chukueni bili ya mtu mwenye bomba nyumbani, msome bei ya lita 1,000 iliyoandikwa pale, na mziweke bei hizo mbili kando kwa kando. Msiongeze neno. Acheni watu walinganishe wenyewe. Kule Mukuru, upande wa mashariki wa jiji, watafiti walionyesha kwa njia ya kulinganisha hivi kwamba mkaaji wa mtaa duni hulipa zaidi kwa kila lita ya maji kuliko mwenye bomba. Hoja hiyo ilisaidia kazi iliyofanya serikali ya kaunti kulitangaza eneo la Mukuru mnamo 2017 kuwa eneo la mpango maalum.

Mkitumia karatasi ya manila, andikeni kwa kalamu nene, herufi kubwa, mistari isiyozidi sita. Chora picha moja kwa kila karatasi. Jaribuni kuisoma mkiwa mlangoni mwa ukumbi: msipoiona, andikeni upya. Mkiwa na projekta ni sawa, lakini stima inaweza kupotea wakati wowote, basi karatasi za manila ziwe tayari. Na yeyote anayeonyesha picha asiwageuzie watu mgongo akisoma ukutani.

4. Jueni nani ana ufunguo

Hapa tutavuka bahari kidogo. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, jijini London, na kuua zaidi ya watu 600. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow aliamini kwamba unaletwa na maji. Akapita nyumba za waliofariki, akaona kwamba wengi walichota maji kwenye pampu moja ya Broad Street.

Snow hakungoja kuandika kitabu. Jioni ya 7 Septemba alikwenda mbele ya bodi ya parokia iliyosimamia pampu ile, akaeleza alichokiona, na akatoa ombi dogo: ondoeni mpini wa pampu. Kesho yake mpini ukaondolewa. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kwa kuwa wengi walikuwa wamekimbia, lakini kisima chenye sumu kilifungwa. Ramani yake mashuhuri, yenye alama kwa kila aliyekufa, ilikuja baadaye. Kasisi kijana wa pale, Henry Whitehead, alimpinga kwanza. Akaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, kwa watu aliowajua kwa majina, na mwishowe akakubali na kuleta ushahidi zaidi.

Tunajifunza nini? Snow alikwenda kwa wenye pampu. Hakwenda kwa malkia. Ombi lake lilikuwa dogo, la kufanyika siku moja. Na hata aliyempinga alishawishika kwa kwenda kuona mwenyewe.

Basi nanyi jiulizeni: mpini huu uko mikononi mwa nani? Kioski cha maji na mabomba ni kazi ya kampuni ya maji ya jiji. Pesa za miradi ya wadi zinapita katika bunge la kaunti, ambako mwakilishi wa wadi yenu anaketi. Amani na ugomvi wa ploti mara nyingi huanzia kwa mzee wa mtaa na chifu. Mkipeleka shida ya maji kwa asiye na mpini, mtapewa pole na chai.

Jueni pia majira. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, taarifa ya mwelekeo wa matumizi kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Anayefika na matokeo yake mwezi wa Juni anakuta chakula kimeshapakuliwa. Pelekeni mapema.

5. Gawaneni kazi, mfanye mazoezi

Msimwachie mwenyekiti kila kitu kwa sababu tu ni mwenyekiti. Aseme anayeelewa na anayesikika. Ni vizuri wawili wasaidiane: mmoja aeleze namba, na mwingine, yule anayeamka saa kumi usiku kutafuta maji, aeleze maisha. Wa tatu ashike karatasi na mitungi. Wa nne aandike maswali na ahadi.

Fanyeni mazoezi mara tatu, mkitumia saa. Mara ya kwanza itakuwa ndefu sana. Kateni. Mara ya pili mtu mmoja aigize mheshimiwa mwenye haraka, na mwingine landilodi aliyekasirika. Mtacheka sana, lakini siku yenyewe hamtashtuka. Wale waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya miaka ya 1970, wanakumbuka jinsi mchezo mfupi ulivyofungua midomo ya watu kuliko hotuba ndefu.

Lugha nayo ni muhimu. Mitaa yetu ina watu wa makabila mengi. Semeni Kiswahili chepesi. Kama kuna wazee wanaoelewa zaidi lugha ya mama, mtafutieni kila mmoja jirani wa kumnong'onezea. Sheng ya vijana ni tamu, lakini isiwafungie wazee nje.

6. Yapokeeni maswali kwa utulivu

Swali si vita. Mtu akiuliza, "Mlijuaje?" mwambieni mlikwenda wapi, siku gani, mkauliza kaya ngapi. Akiuliza jambo ambalo hamkulipima, semeni waziwazi, "Mzee wetu, hilo hatukuuliza. Tulichouliza ni hiki." Jibu hilo halishushi heshima yenu. Linaipandisha, kwa sababu watu wanaona kwamba mnajua mpaka wa kazi yenu.

Akitokea mwanasiasa anayetaka kuyageuza matokeo yawe fimbo ya kumpigia mpinzani wake, msimfuate. Rudini kwenye ile sentensi moja na ombi lenu. Na akitokea mwenye hasira, mpeni nafasi aseme, mumshukuru, kisha muulize, "Mama, wewe ungependa tufanye nini?" Mara nyingi hasira inageuka kuwa shauri.

7. Msiondoke bila jibu

Kila ahadi iandikwe: nani ameahidi, ameahidi nini, kufikia lini. Isomeni kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Wiki moja baadaye pelekeni barua fupi yenye ahadi hizo, mpate muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yenu. Mkihitaji habari kutoka ofisi ya serikali, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamtaka afisa ajibu ndani ya siku 21. Halafu rudini tena kwa wakaaji muwaambie limefikia wapi, hata kama jibu ni "bado".

MFANO WA HOTUBA YA DAKIKA TATU

"Mheshimiwa, chifu wetu, wazee, kina mama na vijana, hamjambo. Sisi ni kikundi cha kujisaidia cha hapa mtaani. Mwezi uliopita tulitembelea kaya 120 katika mitaa mitatu. Tuliuliza: maji mnayapata wapi, na kwa bei gani?

"Kaya 90 zilisema hununua kwa mtungi. Ni tatu kati ya kila nne, kama mitungi hii mnayoiona. Bei ya kawaida ni shilingi 20. Familia inayotumia mitungi mitano kwa siku inalipa shilingi 3,000 kwa mwezi. Jumamosi iliyopita tuliwasomea wakaaji matokeo haya, nao wakayakubali. Waliongeza kwamba bei hupanda siku ya kufua. Baadhi ya wauzaji ni wenzetu, nao wanasema hata wao huuziwa maji kwa bei ghali.

"Ombi letu ni moja. Tunaomba kampuni ya maji iweke kioski kimoja hapa, kisimamiwe na kamati iliyochaguliwa na wakaaji, na bei iandikwe ukutani. Sisi tuko tayari kuchimba mtaro wa bomba kwa mikono yetu. Tunaomba tuambiwe leo ni nani atakayetujibu, na lini. Asanteni."

Hotuba hiyo ina namba chache, inasema zilivyopatikana, inakiri lisilopendeza, inaomba kitu kimoja na inaonyesha mchango wa watu wenyewe. Haimtukani mtu. Haijaongeza chumvi.

TAHADHARI: KULINDA WALIOTUAMINI

Mpangaji aliyewaambia kwamba landilodi amefunga bomba amehatarisha nyumba yake. Jina lake likitajwa, au namba ya ploti ikionekana kwenye karatasi, anaweza kufukuzwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo:

- Msitaje jina la mtu bila ruhusa yake, hata akiwa rafiki yenu.
- Msionyeshe namba ya mlango au picha ya nyumba pamoja na majibu ya mwenye nyumba hiyo.
- Mkisimulia kisa, badilisheni mambo yanayoweza kumtambulisha. Mahali penye watu wachache, hata kusema "mjane mwenye watoto sita" ni kama kumtaja jina.
- Daftari la majina likae kwa mtu mmoja mwaminifu, chini ya kufuli. Msilipige picha na kulituma kwenye simu za kikundi, kwa sababu picha ikishatoka hairudi.

Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, inayotaka habari za mtu zitunzwe na zitumike kwa kazi aliyoikubali. Lakini hata bila sheria hiyo tungefanya hivyo. Mtu alitufungulia mlango wake akatuambia shida yake. Tukimlipa kwa kumletea shida nyingine, mwaka ujao hakuna mlango utakaofunguliwa.

ZOEZI LA KIKUNDI (saa moja)

Gawanyikeni katika makundi ya watu wanne au watano. Kila kundi lichukue tokeo moja ambalo kikundi chenu tayari kinalijua, kwa mfano idadi ya vyoo katika ploti au watoto wasiokwenda shule. Kwa dakika ishirini kundi litayarishe sentensi moja, kitu kimoja cha kuonyesha (mitungi, maharagwe, vifuniko vya soda, mchoro ardhini) na ombi moja. Kisha kila kundi lisimame kwa dakika tatu tu. Mwenye saa asione haya kupiga kengele. Wasikilizaji wajibu maswali mawili bila kuangalia karatasi: "Wamesema nini?" na "Wanataka nani afanye nini?" Wakishindwa kujibu, kosa si la wasikilizaji. Kundi litengeneze upya.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kuna mtu au shirika lililowahi kuja mtaani kwetu kuuliza maswali lisirudi tena? Tulijisikiaje?
2. Katika daftari letu, ni jambo gani moja ambalo lazima lisemwe mwaka huu?
3. Ni nani mwenye mpini wa jambo hilo? Tutamfikia lini na kwa njia gani?
4. Kuna tokeo lolote tunaloogopa kulisema? Tunaogopa nini, na tufanyeje?
5. Ni nani kati yetu hajawahi kusimama mbele ya watu, ambaye tunaweza kumsaidia ajaribu?

Swali la mwisho lisirukwe. Katika kila kikundi yupo mama aliyekaa nyuma kabisa, asiyesema, ambaye ndiye aliyetembea nyumba nyingi kuliko wote. Anajua mambo. Mpeni mitungi minne na dakika tatu, mumwache aseme.

Tunawatakia kazi njema.